Nne Nini

Nilikulia porini, kwa watu wa ng'ombe, kwa hiyo nimeogopa vitu ambavyo mtu wa mjini huviona kwenye picha tu. Nimeogopa fisi aliyezoea zizi letu, nimeogopa nyati aliyesimama njiani akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepotea. Lakini ukiniuliza ni kitu gani kimenitetemesha magoti kuliko vyote, nitakutajia mtu mmoja mfupi, mwembamba, mwenye shati la mikono mifupi lililochomekwa vizuri na kalamu nyekundu mfukoni. Huyo alikuwa mwalimu wetu wa Kemia. Hakuwa na fimbo. Kwa miaka yote minne niliyosoma kwake sikumwona akimpiga mwanafunzi hata kofi. Alikuwa na neno moja tu, na lilitutosha.

Neno lenyewe ni "nini". Mwanafunzi akisimama na kujibu kumi na nane, mwalimu aliacha kuandika, akageuka taratibu na kuuliza, "Kumi na nane nini?" Kama ni gramu, sema gramu. Kama ni mililita, sema. Ukinyamaza, naye alinyamaza, na alikuwa hodari wa kunyamaza kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Kwenye daftari, jibu sahihi lisilo na kizio lilipata sifuri, na pembeni yake aliandika kwa wino mwekundu: nini?

"Namba isiyo na kizio ni mbwa asiye na mwenyewe," alituambia. "Leo amelala mlangoni kwako, kesho amemng'ata mtoto wa jirani, na hakuna wa kumshika." Sisi tulicheka kidogo, kwa adabu. Yeye hakucheka.

Shule yetu ilikuwa nje kidogo ya Mpanda. Somo lilifundishwa kwa Kiingereza, kama ilivyotakiwa, lakini wengi wetu hata hicho Kiswahili tulijifunza shuleni. Mimi nilitoka nyumbani na Kisukuma, Konsolata niliyekaa naye dawati moja alitoka Katumba na Kirundi chake, na nyuma yetu walikaa Wabende na Wafipa. Mwalimu aliandika Kiingereza ubaoni, kisha akafafanua kwa Kiswahili, polepole, akirudia mpaka wa mwisho aelewe. Moli aliifundisha kwa darzeni. Darzeni ya mayai na darzeni ya maboga zote ni kumi na mbili, alisema, lakini jaribuni kuzibeba kichwani mwone. Moli nayo ni idadi, ila ni idadi ya vitu vidogo mno, na kila dutu ina uzito wake kwa moli moja.

Halafu aliugawa ubao sehemu tatu kwa mistari ya chaki. Upande mmoja aliandika Nilichonacho, upande wa pili Ninachotaka, na katikati Daraja. Hukuruhusiwa kuvuka kabla hujajenga daraja. Una gramu na unataka moli, basi daraja lako ni kujua gramu ngapi zinafanya moli moja. Gramu inakatana na gramu, moli inabaki peke yake ng'ambo, nawe unajua umefika ulikokusudia. Nimesoma kwa walimu wengi tangu hapo, wengine wana majoho, na sijaona aliyeieleza vizuri zaidi.

Swali la kwanza alilonipa mbele ya darasa sitalisahau. Gramu nne za hidroksidi ya sodiamu ni moli ngapi? Nilijumlisha: sodiamu ishirini na tatu, oksijeni kumi na sita, haidrojeni moja, jumla arobaini. Nne kwa arobaini. "Sifuri nukta moja," nikasema. Darasa zima lilijua kinachofuata. "Sifuri nukta moja nini?" Nilijua ni moli. Lakini ile nne bado ilikuwa ubaoni, na ile nini ilikuwa hewani, na zilipokaribiana mimi sikuwa tena darasani. Chaki ilinidondoka. Nilikuwa nyumbani, nina miaka kumi na miwili, na baba amesimama mbele yangu akiwa na karatasi mkononi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo kwa miaka mingi sikumwambia mtu hata mmoja.

Kwetu ni njia ya Sibwesa. Baba alihama na ng'ombe wake kutoka kaskazini kabla sijaanza shule, na hakujua kusoma. Mwaka mmoja kupe walizidi. Baba akanunua mnadani chupa ya dawa ya kuogeshea, maandishi yake Kiingereza kitupu, akaipeleka kwa mwalimu mmoja wa sekondari aliyesifiwa kwa hesabu za dawa. Watu wengi walimwendea, wa tumbaku na wa mifugo. Mwalimu alisoma lebo, akapiga hesabu, na kwa kuwa mfugaji hana chombo cha kupimia mililita, akazigeuza kuwa visoda, vile vizibo vya chupa za soda. Kwa mdomo alimwambia baba visoda. Kwenye karatasi aliandika: 4 kwa debe 1. Baba akaitia mfukoni, akakaa njiani siku mbili kwa mambo yake mengine, na alipofika nyumbani alikumbuka nne lakini hakukumbuka nne ya kitu gani.

Aliniita mimi, msomaji pekee wa boma lile. "Nne nini?" akaniuliza. Karatasi haikusema. Ningeweza kumwambia kwamba haikuandikwa. Lakini wajomba walikuwepo, na wiki ileile baba alikuwa amejisifu mbele yao kwamba hakuna karatasi inayomshinda binti yake. Niliogopa kuonekana sijui. Tulikuwa na kikopo kidogo cha nyanya tulichopimia dawa ya minyoo, nacho kilikuwa palepale juu ya kichuguu. "Vikopo," nikasema. Na ili kaka zangu wasije wakasahau, nikachukua penseli nikaandika vikopo pembeni ya ile nne.

Waliogesha asubuhi. Kabla ya adhuhuri ng'ombe walianza kudondosha mate, kisha ngozi ikawa inawatetemeka, kisha magoti ya mbele yakakunjika. Walikufa saba. Wa tatu kuanguka alikuwa yule niliyemkamua kila siku, na alinitazama mpaka mwisho. Baba hakugombeza mtu. Aliikunja ile karatasi akaenda nayo kwa mwalimu, na aliporudi hakuwa nayo. Alisema mwalimu amekubali kuwa kosa ni lake na ametaka kulipa, lakini yeye amekataa, kwa kuwa ng'ombe aliyekufa harudishwi. Mimi nilikaa kimya nyuma ya mama. Mtu mzima mwenye heshima zake alikuwa amebeba kosa, na nusu yake ilikuwa yangu, pengine zaidi ya nusu.

Nilipofaulu darasa la saba nilipangiwa shule ya mwalimu yuleyule. Baba alifurahi sana. "Mtu aliyekosea akaumia ndiye wa kukufundisha," aliniambia. "Huyo hawezi kukosea tena." Nililia, na mama akadhani ni furaha.

Sasa unaelewa kwa nini woga wangu haukufanana na wa wenzangu. Wao waliogopa sifuri. Mimi niliogopa siku ambayo yule mtu angejua kwamba aliyeua ng'ombe wale amekaa dawati la pili karibu na dirisha. Siku ya kwanza aliita mahudhurio. Alipofika kwenye jina langu, ambalo ndani yake limo la baba, alisita. Alinyanyua macho, akayashusha, akaendelea na jina linalofuata. Tangu siku hiyo hakuniita kwa jina. Aliniita "wewe wa dirishani" miaka yote minne.

Alikuwa na tabia moja iliyotutia hofu sote. Kabla ya kuingia darasani alisimama mlangoni, akafungua kitabu chake cha jedwali za hesabu, akatazama karatasi kuukuu iliyokunjwa ndani ya jalada, akaifunika, ndipo akaingia. Kila kipindi, bila kukosa. Shuleni hapakuwa na ubishi: ile ilikuwa hirizi. "Nyie hamuoni?" Konsolata alininong'oneza. "Asipoisoma hawezi kuingia. Mtu kama huyo usimwangalie machoni." Mimi sikumwangalia machoni hata kabla ya kushauriwa.

Maabara yetu ilikuwa na mizani moja ambayo mawe yake yalipotea zamani. Mwalimu alitengeneza mawe mapya kwa visoda. Alikuwa na bati la biskuti lililojaa visoda vilivyonyooshwa, kila kimoja kimekwaruzwa uzito wake kwa msumari, pamoja na herufi ya gramu. Zoezi lake la kwanza kwa kila kidato lilikuwa kupima chumvi: kisoda kimoja kilichosawazishwa kwa rula kina gramu ngapi, gramu hizo ni moli ngapi, na kisoda kilichofurika je. Wanafunzi wengine waliona ni mchezo. Mimi nilipokishika kile kisoda nilikipima mara tatu, kwa kuwa nilijua kilitakiwa kuwa wapi siku ile.

Katika kidato cha pili, tulipomaliza ubadilishaji wa vizio, nilifanya jambo la kijinga. Nilikuwa nimepima kisoda, mililita tano. Likizo nilikuwa nimepima kikopo cha nyanya, mililita sabini. Nikafungua ukurasa wa mwisho wa daftari, nikachora mistari miwili, nikaandika Nilichonacho, Daraja, Ninachotaka. Visoda vinne ni mililita ishirini. Vikopo vinne ni mililita mia mbili na themanini. Mililita zikakatana na mililita, na ng'ambo ya daraja ikabaki kumi na nne. Mara kumi na nne. Mpaka siku hiyo nilikuwa najidanganya kwamba labda tulizidisha kidogo tu. Hesabu haina huruma. Niliuchana ule ukurasa vipande vidogo nikavitupa chooni, halafu nikakaa wiki nzima nikisubiri kuitwa ofisini, kwa sababu njia ya mwongo ni fupi na mimi nilishaona mwisho wake.

Sikuitwa. Aliyeitwa alikuwa mvulana wa kidato cha tatu aliyeandika 0.1 kwenye chupa ya asidi bila kuandika 0.1 ya nini. Mwalimu aliimwaga ile asidi yote shimoni, lita mbili, tukafanya jaribio kwa kutazama picha ubaoni. Alipokuwa akimwaga niliona mkono wake unatetemeka. Wenzangu walisema ni hasira. Mimi niliyekulia na ng'ombe najua tofauti ya hasira na hofu, na ile haikuwa hasira. Lakini sikuelewa mtu kama yeye angeogopa nini.

Na bado alikuwa mtu wa ajabu. Sokoni alinunua nyanya kwa fungu kama sisi sote, wala hakuuliza fungu ni kilo ngapi. Chai aliitia sukari kwa kukadiria, akimimina moja kwa moja kutoka kwenye mfuko wa sukari, na mpishi wa shule alisema hajawahi kuona mtu mwenye mkono mzito namna ile. Alipenda kuimba kwaya kanisani na alikuwa na sauti mbaya. Mtoto wa mfanyakazi wa shule akiugua, yeye ndiye aliyeshinda naye zahanati, akimbana muuguzi kwa maswali mpaka muuguzi achoke. Maziwa hakunywa kabisa. Na ng'ombe walipopitishwa barabarani, mwalimu aliyenyamazisha darasa la watu arobaini aliingia duka lolote lililokuwa karibu na kusimama ndani mpaka vumbi litulie. Wanafunzi walimcheka sana kwa hilo. Mimi sikucheka, ila nilidhani anawachukia kwa aibu waliyomletea.

Nilimaliza kidato cha nne na alama nzuri ya Kemia. Siku ya kuondoka alitupa mkono mmoja mmoja. Wangu aliushika muda mrefu kidogo, akafungua mdomo kama anayetaka kusema kitu, kisha akasema, "Haya, safari njema, wewe wa dirishani." Nilikimbilia lori nikiwa nimeokoka, ndivyo nilivyojiambia.

Nikasomea uuguzi. Nilipohitimu nikapangiwa zahanati moja upande wa Inyonga, katikati ya mashamba ya tumbaku na watu wa mizinga ya nyuki. Asubuhi moja ya siku ya soko foleni ilifika barabarani, mwenzangu alikuwa likizo, na mimi nilikuwa peke yangu kwenye dirisha la dawa. Nilifanya kama tufanyavyo sote: unahesabu vidonge, unatia kwenye bahasha ya kaki, unaandika 2x3, unasukuma, unaita mwingine. Mkono ulikwenda wenyewe. Sikuwa natazama nyuso.

Bahasha moja ilirudi. Iliwekwa mbele yangu taratibu, na sauti ikauliza, "Mbili nini?"

Kalamu ilinitoka mkononi kama ile chaki. Alikuwa amekonda, nywele zimekuwa nyeupe, homa inamtikisa, na shati bado limechomekwa. Alikuwa amestaafu na anaishi na mpwa wake mrina asali, nilikuja kujua baadaye. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaendelea kungoja jibu lake. Nikaokota kalamu. Niliandika: vidonge 2, mara 3 kwa siku. Aliisogeza bahasha karibu na macho, akaitazama mpaka foleni ikaanza kulalamika.

"V yako haijabadilika," akasema.

Kutoka kwenye mfuko wa nailoni alimoweka kadi yake ya hospitali alitoa karatasi iliyokatika kwenye mikunjo na kuunganishwa kwa gundi ya karatasi. Niliifahamu kabla hajaikunjua. 4 kwa debe 1, mwandiko wake. Pembeni, penseli iliyofifia: vikopo, na ile v yenye mkia mrefu niliyoandika tangu utoto na ninayoiandika hadi leo. Chini ya yote palikuwa na wino mwekundu, sifuri na neno lake lilelile. Alikuwa amejisahihisha mwenyewe.

"Mwalimu, ni mimi niliyeandika," nikasema. Nilishangaa kwamba ilikuwa rahisi vile.

"Najua. Nilijua tangu jaribio lako la kwanza, nilipoona mwandiko."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba mtoto alijaza nafasi niliyoiacha wazi mimi?" Aliikunja karatasi yake. "Nilikuwa nakuogopa. Kila nikisimama mlangoni nilijiambia leo atanyoosha mkono, awaambie wenzake ng'ombe wa baba yake walikufaje. Miaka minne nilikuogopa wewe."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na foleni ilikuwa inatazama. Nikamwambia kwamba mimi nilimwogopa yeye miaka hiyohiyo minne, kwa jambo hilohilo. Akatikisa kichwa, akatabasamu kidogo, mara ya kwanza kumwona hivyo. Nikamwomba ile karatasi. Akasema hapana, hiyo ni yake. Aliirudisha kwenye nailoni, akachukua bahasha, akageuka kuondoka. Kisha akasimama.

"Na hao walionitangulia," akauliza, "umewaandikia nini?"

Nilimwachia mfagizi dirisha nikatoka na kalamu. Wengi walikuwa bado barazani. Nilizipokonya bahasha nikaandika vidonge, vidonge, vidonge. Lakini mmoja hakuwepo. Alikuwa mama kijana wa mashamba ya tumbaku, mwenye mtoto wa homa mgongoni, aliyeleta chupa yake ya soda iliyozibwa kwa gunzi. Nilimjazia dawa ya maji ya malaria, ile chungu ambayo ikizidi kwa mtoto mdogo inausimamisha moyo, na juu ya plasta niliyoibandika kwenye chupa nikaandika 1x3. Nikamsukumia, nikaita mwingine.

Nilikimbia na sare yangu mpaka njiapanda, watu wananishangaa, nikiona njia nzima ng'ombe wanapiga magoti. Alikuwepo. Alikaa kando ya kibanda cha kusubiria magari, mtoto mapajani, chupa imefunguliwa pembeni, na mkononi ana kikombe cha bati alichoazima kwa muuza uji.

"Umeshampa?" nikauliza.

"Bado, nesi. Ndo nataka nimpe."

"Hiyo moja iliyoandikwa, utampa moja nini?"

Alitazama plasta, akanitazama mimi, akatazama watu waliokuwa wamekaa naye. Uso ule niliufahamu. Nilikuwa nao siku ile mbele ya wajomba.

"Kikombe," akajibu haraka. "Si ndo hivyo?"

Nikakaa kwenye vumbi. Nikamtoa kikombe mkononi, nikaishika ile chupa, nikaandika kwa herufi kubwa. Kisha nikamwambia ni kijiko cha chai, na si kosa lake, ni langu, mimi sikuandika. Nikamwomba arudie.

"Kijiko cha chai," akasema. "Kimoja."

Nikamwambia aseme tena.